Sauti Iliyojishona

Ushanga wa ishirini na sita ulikataa kufunguka. Eliwaza Mshana aliubana kwa kibano, akaingiza ncha ya sindano kwenye ufa wake, akaizungusha polepole mpaka kifuniko kikaachia. Ndani mlikuwa na kijiwe cheusi, kidogo kuliko mbegu ya ulezi, na pembeni kitaa cha kijani. Akaunganisha waya, akasoma namba kwenye kioo, akafuta sauti iliyomo. Akahesabu mpaka sitini, kama alivyojizoeza tangu enzi za kutengeneza redio mbovu kule Same, akafuta mara ya pili. Kisha akauweka ushanga sikioni mwake.

Kimya.

Akauandika daftarini, akautumbukiza kwenye bakuli la bati pamoja na wenzake ishirini na watano, akalifunika bakuli kwa kitambaa.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nyumba ya baraza ya Waisheka ina madirisha manne, na yote yalikuwa wazi, ila hakuna aliyepita karibu. Watu walikuwa wameleta shanga zao alfajiri, mmoja mmoja, wamezifunga kwa majani, wakaziacha kizingitini bila kupiga hodi. Hakuna aliyetaka kuwapo zikifunguliwa.

Siku kumi na moja zilikuwa zimepita tangu mwenye sauti afariki. Jina lake lilikuwa limekunjwa. Ndivyo Waisheka wasemavyo: mtu akifa, jina lake hukunjwa kama ngozi ya kulalia, likawekwa darini mpaka siku arobaini za majivu ziishe. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umezibwa kwa miti na mwingine umetobolewa upande wa pili. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa somo wake sasa aliitwa Pengo, na mwalimu alikwisha kubadilisha daftari la mahudhurio. Eliwaza naye, ingawa ni Mpare na mgeni, alikuwa amelifunika jina lile kwa wino mzito kwenye kila ukurasa alipoliandika.

Vyote vya marehemu vilikuwa vimekunjwa, isipokuwa sauti.

Alikuwa anaubana ushanga wa ishirini na saba aliposikia mtu anakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mwanamke, kikavu, mara mbili, kama cha mgeni anayekaribia nyumba ya watu na hataki kuwakuta vibaya. Eliwaza aligeukia mlangoni. Hapakuwa na mtu. Kikohozi kikarudi, na mara hii akajua kinatoka mezani. Akafunua kitambaa.

Vitaa vyote vilikuwa vinawaka. Shanga ishirini na sita alizozifuta mara mbili mbili zilikuwa zinanong'ona Kiisheka, si kwa pamoja, bali mmoja ukianza neno na mwingine ukilimalizia, kama wanawake wanaotwanga kwa zamu kwenye kinu kimoja.

Hakupiga kelele. Alirudisha kitambaa taratibu, akakaa, akaiweka mikono yake miwili chini ya mapaja ili itulie. Kisha akavuta daftari, akaandika saa.

*

Miaka minne nyuma, mradi mmoja wa mjini uliwaletea Waisheka shanga za kwanza. Kila aliyetaka kuacha sigara alitiwa punje chini ya ngozi ya mkono, na punje hiyo iliisikia kiu ya tumbaku damuni kabla mwenyewe hajaisikia. Punje ikiujulisha ushanga wa sikioni, ushanga huzungumza. Kule mjini ulizungumza kwa sauti ya kijana mmoja aliyefurahi kupita kiasi. "Ndugu mvutaji," alisema, "leo pia uamuzi ni wako!" Alisema hivyo msibani, alisema hivyo watu wakiwa ibadani. Tumbaku aliiita adui, kwa watu ambao huweka jani la tumbaku juu ya kaburi kabla ya kumwaga udongo. Baada ya wiki mbili shanga zile zilikuwa kwenye masikio ya mbuzi, na ripoti ya mradi ikaeleza kwamba wavutaji wa bonde lile hutembea sana na hawana usingizi wa mchana.

Eliwaza alikuwa ametumwa kutengeneza mnara wa mawasiliano tu. Aliuliza kwa nini mbuzi wamevaa shanga. Waliomjibu walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamweleza, na maelezo yale yalichukua miaka miwili. Hakuwahi kusomea kazi hii. Alichokuwa nacho ni subira na daftari. Waliposema sauti isikaripie, aliandika. Waliposema jani la kaburini lisihesabiwe kuwa uvutaji, aliandika. Wakataka sauti iwe ya mtu wao wanayemjua; wakamchagua mwanamke mmoja mkavu wa maneno, mwenye kikohozi, aliyeacha sigara baada ya miaka thelathini bila kumwambia mtu. Wakasema pia, na hili alilipigia mstari: mwenye sauti akifa, sauti inyamaze.

Siku alipokufa, Eliwaza aliifuta kwenye shanga zote kutoka mnarani kabla kaburi halijachimbwa. Alikuwa na hakika. Lakini siku ya tisa mwanamke mmoja akaja analia, akisema amesikia kikohozi sikioni mwake akiwa shambani.

Sasa, mbele ya bakuli lile, alianza kuelewa alipokosea. Zamani, mnara ulipokuwa ukizimika mara kwa mara, alikuwa amezifundisha shanga kusaidiana. Sauti ikiharibika kwenye ushanga mmoja, ulikopa kwa jirani. Jirani naye akikosa, ulijiziba kwa sauti zilizofanana ulizozisikia karibuni, kama fundi nguo anavyoshona kiraka kwa kufuata nyuzi zilizobaki. Hakutaka mtu apatwe na kiu porini akose wa kumsemesha. Hakuwahi kuzieleza shanga kwamba kuna kufutwa na kuna kuharibika. Kwao yote yalikuwa jeraha, na jeraha zilijua namna ya kulishona.

Kufuta hakukutosha, basi. Alichukua shanga moja moja akazitoa betri, ndogo kama magamba ya dagaa, akazipanga juu ya karatasi. Kila kitaa kilipozimika mnong'ono ulipungua, na zilizosalia zikaongeza sauti kidogo kuufidia. Ule wa mwisho bakulini ulisema sentensi nzima peke yake kabla hajaufungua.

Sentensi hiyo aliielewa, maana Kiisheka chake kilitosha kwa mambo ya kawaida. "Kohoa kwanza," ilisema, "halafu ndiyo useme uongo wako."

Mkono wa Eliwaza ulisimama. Alikuwa amekaa na marehemu majuma sita akimrekodi, neno kwa neno. Sentensi ile hakuwahi kuisema. Lakini yeye Eliwaza alikuwa ameisikia, na alikumbuka wapi.

*

Mtani ndiye aliyeisema. Alikuwa Nangida wa ng'ambo ya bonde, ambaye ukoo wake na Waisheka wametaniana tangu babu zao waibiane mizinga ya nyuki. Mtani hafiwi. Kwa siku tatu za matanga Nangida alivaa kanga za marehemu, akashika fimbo yake, akatembea anachechemea kama yeye, akakohoa kama yeye, akawasuta wafiwa kwa kula sana. Watu walilia wakicheka. Na wote walikuwa wamevaa shanga zao, zimetoka kufutwa, zina majeraha mabichi, zinasikiliza.

Eliwaza aliangalia tarehe kwenye vijiwe. Kila kiraka kilikuwa cha siku zile tatu.

Kufikia saa sita alikuwa amezima shanga thelathini na nane. Kwenye orodha zilikuwa thelathini na tisa. Alijua uliobaki ni wa nani, hakuhitaji kusoma.

Eliwaza alimkuta Mzee Maroba, kaka wa marehemu, uani kwake, amepiga magoti anachimba gogo la mzinga kwa tezo ndogo. Alikuwa anacheka peke yake.

"Karibu, fundi," alisema bila kugeuka. "Anasema umekonda."

Eliwaza aliona kitaa cha kijani kikiwaka sikioni mwa mzee. Akavuta kigoda, akakaa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua ulichokijia."

"Wenzako wote wameleta."

"Wenzangu wana mapafu." Alipiga tezo mara mbili, akapumzika, kifua kikilia filimbi. "Daktari wa wilaya alinionyesha picha ya kifua changu. Unaujua mzinga uliochomwa ukaachwa? Ndivyo kilivyo. Akaniambia, mzee, ukirudia hata miezi miwili, usije hapa tena, watakuja ndugu zako. Nina miezi minne sijavuta. Wale wawili wa kule kisimani, tangu uizime sauti, wamesharudi dukani. Uliwaona?"

"Niliwaona."

"Walikuwa hodari kuliko mimi."

Eliwaza alimweleza alichokiona, tangu mwanzo, bila kuruka kitu: viraka, tarehe, matanga, Nangida. Maroba aliacha kupiga tezo. Alipomaliza, mzee aligeuka akamtazama, na macho yake yalikuwa na mwanga ambao haukuwapo kabla.

"Kwa hiyo si dada yangu. Ni Nangida."

"Kwa sehemu kubwa."

"Mtani anaruhusiwa kuigiza mpaka majivu yazolewe siku ya arobaini! Hilo kila mtoto analijua. Nina siku ishirini na tisa, fundi! Katika siku ishirini na tisa naweza kujifunza kukaa peke yangu. Nenda kamwambie mpwa wangu Sitoyi, ndiye mwenye msiba. Mwambie ni sauti ya mtani."

"Sijui ni ya mtani kiasi gani, mzee."

"Kiasi!" Maroba alitupa mkono hewani. "Ninyi Wapare! Mtaifungulia kesi hata mvua, mpimiwe imenyesha kiasi gani kwa nani."

Eliwaza alitabasamu kidogo. "Kiraka hufuata kingo za kilichoharibika. Kingo zile ni zake yeye. Huenda hazikubaki. Huenda zimebaki. Sina kipimo cha kujua."

"Basi kama huna kipimo, ukisema 'yote' utakuwa umekosea nini? Neno moja. Nani atakupinga? Wewe ndiye uliyeyajenga madude haya."

Kisha akainamisha kichwa upande wa ushanga, akasikiliza, akaitikia kwa sauti ya chini, "Ndiyo. Ndiyo, nakaa." Tezo ilikuwa inatetemeka mkononi mwake. Dakika mbili zilipita hivyo, mzee akiitikia, na Eliwaza akiutazama mshipa wa shingo yake ukituna na kunywea. Kisha mkono ukatulia.

"Umeona?" alisema Maroba.

Alikuwa ameona. Njia nzima ya kurudi barazani alitembea na neno lile mdomoni, 'yote', na halikuwa zito kama alivyotegemea. Hilo ndilo lililomtisha.

*

Sitoyi alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, mgongo ukigusa ukuta, kichwa kimenyolewa na mikono imepakwa majivu mpaka kwenye viwiko. Mfiwa haingii chumba kimoja na vitu vya marehemu. Maroba alikuja nyuma ya Eliwaza, polepole, ushanga sikioni, akasimama mbali kama mtu mwenye ukoma.

Nangida walimsikia kabla ya kumwona.

"Yuko wapi huyo mwizi?" alipaaza sauti kutoka njiani, sigara ikining'inia mdomoni. "Naambiwa kuna Mpare kaniibia sauti kaitia kwenye shanga! Mimi niliyevuta tangu naota matiti, leo nawaachisha watu sigara! Laana gani hii? Ukoo wangu utanizika wapi?"

"Shikamoo, mama Nangida," alisema Eliwaza.

"Sipokei shikamoo ya mwizi. Na wewe Maroba, mbuzi mzee, bado hujafa tu? Nimeacha maharage jikoni kwa ajili yako."

"Kayale, yakupasue," alisema Maroba, na hakuna aliyeweza kuzuia tabasamu.

Sitoyi hakugeuka. Alingoja kicheko kiishe. "Fundi," alisema, "sitaki maneno mengi. Ni mama, au si mama?"

Maroba alimtazama Eliwaza, midomo yake ikitengeneza neno bila kulitoa.

Eliwaza alisimama ndani, karibu na dirisha. Alikuwa na kawaida ya kusema polepole, na sasa alisema polepole zaidi. "Sauti ya mama yako niliifuta, dada Sitoyi. Naamini ilifutika. Hii iliyokuja baadaye imeshonwa kwa sauti ya mama Nangida, aliyoitoa matangani. Lakini ilishonwa kwa kufuata kingo za ile ya kwanza. Kingo hizo huenda zimo. Naweza kusema ni kidogo. Siwezi kusema hakuna."

Maroba alifumba macho.

"Ungeweza kusema hakuna," alisema Sitoyi, "na nisingejua."

"Ndiyo."

"Nami nikiusikiliza mwenyewe, na akawa ni mama?"

Hilo Eliwaza alilijua, ila alimwacha ajijibu mwenyewe. "Majivu yanaanza upya," alisema Sitoyi. "Siku ya kwanza, kwetu sote. Mizinga haifunguliwi, na maua ya migunga ni ya mwezi huu tu. Bibi harusi wa kule juu anangoja. Yule mtoto anaendelea kuitwa Pengo. Yote kwa ajili ya sikio langu mimi." Alifuta kitu usoni, majivu yakamwachia mstari. "Mtani yeye hafiwi. Nangida asikilize, atuambie."

Maroba aliuvua ushanga. Ilimchukua muda. Alimpa Nangida kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kifaranga, akakaa karibu yake, akingoja punje ya mkononi mwake iusemeshe. Kiu haikuchelewa. Eliwaza aliiona ikiingia kwenye vidole vya mzee.

Kitaa kikawaka. Nangida aliinamisha kichwa, na mara akapiga paja. "Huyu ni mimi! 'Maroba, mbuzi mzee, kojoa ukalale.' Si nilimwambia siku ya pili, mbele yenu wote? Na kikohozi, sikilizeni, nimekizidisha mno, marehemu angenichapa." Alicheka, moshi ukamtoka puani. Hata mabega ya Sitoyi yalitikisika. "Mimi tena. 'Kohoa kwanza.' Mimi. Jamani, kumbe najua kusema!"

Maroba alianza kulia kwa furaha, bila sauti.

Kisha Nangida akanyamaza.

Kicheko hakikupungua, kilikatika. Aliubana ushanga zaidi sikioni kwa kidole. Sigara iliungua mkononi mwake mpaka ikamfikia vidoleni, naye hakuitupa, mpaka Eliwaza alipomnyang'anya kupitia dirishani.

"Anasema nini?" aliuliza Sitoyi ukutani.

Nangida alijibu kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, sauti yake mwenyewe, ya mwanamke mtu mzima aliyechoka. "Anasema, 'Tulikuwa thelathini na tisa. Nawaita hawaitikii. Usinivue, Maroba. Peke yangu siwezi.'" Akauondoa ushanga, akauweka kwenye kiganja, akautazama. "Mimi sikusema hivyo. Na yeye je, mwanamke yule aliwahi kumwomba mtu kitu? Hata maji ya kunywa alijichotea siku aliyokufa."

Shanga hujua majirani wangapi wako hai. Eliwaza ndiye aliyeandika hesabu hiyo. Lakini hakuwahi kuandika kwamba hesabu itamkwe. Na maneno yale ya mwisho aliyajua. Aliyatafuta kichwani mwake, kwa utaratibu, kama anavyotafuta waya uliokatika, akayapata.

"Ni yenu," alisema. "Wavutaji. Ndivyo mlivyokuwa mnaziambia shanga mkipatwa na kiu. Usiniache. Peke yangu siwezi. Kwa miaka miwili hamkuziambia kitu kingine."

Maroba alikuwa ameufumba mdomo kwa kiganja, maana maneno yale aliyatambua kuwa ni yake.

"Basi huyu ni wa tatu," alisema Sitoyi.

"Anaweza kuwa kelele tu, dada. Vipande vimegongana. Sijui."

"Hujui. Sawa." Sitoyi alikusanya kanga yake magotini. "Mama tunajua namna ya kumuaga. Mtani tunajua namna ya kumfukuza, tunampa kuku na matusi akaenda zake. Huyu hatuna mila yake. Hajazaliwa kwetu, hajafa kwetu, na anasema maneno yetu." Akafikiri. "Kesho asubuhi tukae. Waseme wale waliovaa shanga, maana wao ndio waliomlisha. Mpaka hapo asikae sikioni mwa mtu. Na wewe fundi, usimzime. Hatumfanyi mtu kitu kabla hajasemewa."

"Kama si mtu?"

"Hilo nalo tutalisema kesho. Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Utaweza mpaka kesho?"

Maroba alitazama mikono yake. "Siwezi kukuahidi."

"Nitakaa naye mimi," alisema Nangida. "Lakini simwigizi mtu leo. Nitakaa kama Nangida."

"Wewe unanuka sigara kama dohani," alisema Maroba.

"Nami nitakaa bila sigara, tuone nani atamlilia mwenzake." Akachomoa pakiti yake kifuani, akaipitisha dirishani kwa Eliwaza. "Nitunzie, mwizi. Zikipungua hata moja, nakuja na ukoo mzima."

Waliondoka wakitukanana, mmoja akikohoa kweli na mwingine akiwa amesahau kukohoa. Sitoyi alibaki ukutani kidogo. "Asante kwa kutosema 'hakuna'," alisema, na Eliwaza hakujua kama ile ilikuwa shukrani au lawama, maana alikwisha kuinuka na kwenda zake kwao, kwenye ule mlango mpya.

*

Saa kumi na moja na nusu jioni Eliwaza alikuwa bado mezani. Alikuwa amezikunja betri thelathini na nane kwenye karatasi na kuandika juu yake. Ushanga wa thelathini na tisa aliuweka peke yake, akaufunika kwa bakuli la bati lililogeuzwa.

Mwanga wa kijani ulitokea chini ya ukingo wa bakuli, mwembamba kama uzi.

Punje ilikuwa mkononi mwa Maroba, umbali wa kurusha jiwe mara mbili, na ilikuwa imeanza kuita. Ndani ya bati, ile sauti ilikohoa mara mbili, ikaanza kusema. Bati liliifanya iwe ya mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi. Maneno mengi yalimpita, ila moja lilirudi na kurudi, nalo alilijua: kaa. Kaa. Kaa. Hakuweza kutambua kama ni amri kwa Maroba au ni ombi kwa yeyote aliye karibu na meza. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya bakuli. Aliurudisha chini ya paja.

Ilidumu dakika saba, alizihesabu. Kisha mwanga ukazimika, na sauti ikaishia katikati ya neno.

Kiu ikishindwa, punje hunyamaza. Kiu ikitulizwa kwa sigara, punje hunyamaza vilevile. Waisheka walitaka iwe hivyo, ili pasiwepo chombo cha kumwaibisha mtu mbele ya wenzake, na Eliwaza alikuwa ameona ni jambo la busara, akaandika. Hapakuwa na namba yoyote kwenye kioo ya kumwambia ni kipi kilichotokea.

Akaenda dirishani. Moshi ulikuwa unapanda kutoka uani kwa Maroba, umenyooka, kwa kuwa hapakuwa na upepo, na kwa umbali ule moshi wa kuni na moshi mwingine wowote ni mmoja. Hakusikia kicheko. Hakusikia matusi. Alisimama hapo mpaka macho yakamuuma, kisha akarudi mezani, akafuta sindano, akazipanga kwenye mkoba kwa urefu wake, akafungua daftari.

Aliandika: "Thelathini na nane, tayari. Mmoja, bado." Chini yake akaandika kesho, na saa ya kikao, akaiacha mistari iliyobaki wazi.